Adhana ya Siku ya Kumi

Msambweni
Alhamisi, 6 Novemba 2025

Kwa dada yangu Twaiba, Vanga.

Tanzia. Kwa masikitiko makubwa, jamaa wa marehemu Mzee Abdulaziz, aliyekuwa muadhini wa hapa Msambweni, wanatangaza kuondokewa na mafindofindo wawili, wa kulia na wa kushoto, waliotutoka juzi Jumanne saa tatu asubuhi katika chumba cha upasuaji. Marehemu walikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu. Wameacha koo moja, mke mmoja na wageni wasio na idadi. Waliugua kwa muda mrefu, hasa kila Ramadhani ilipokaribia. Maziko yalifanyika ndani ya chupa yenye kibandiko. Hakuna matanga.

Shikamoo dada.

Najua barua hii utaishika kwa ncha za vidole. Hatujasemezana tangu arobaini ya Baba, miaka mitatu, na sasa hata nikitaka kusema siruhusiwi. Daktari amenikataza kupaza sauti, na kunong'ona pia hataki. Nimeona basi, ikiwa ni kununiana, tununiane kwa maandishi. Simu yako nayo hushikwa na mtandao wa Tanzania, ujumbe hukufikia umeshaota mvi. Hii nampa Jefwa, dereva wa gari la Vanga, pamoja na vitunguu vyako.

Sasa lililo zito. Tangu nilazwe, anayeadhini ni Chande, mtoto wa fundi baiskeli. Ana miaka ishirini na saba na hajawahi kuumwa koo, jambo ambalo naliona kama utovu wa adabu. Na Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na nne, kamati ya msikiti itakaa baada ya swala iamue muadhini ni nani. Maana tangu Baba afe, mimi nimekuwa nikishikilia tu, kama mtu aliyeambiwa ashike mlango kidogo. Mwenyekiti alinijia kitandani akaniambia kwa upole wake, "Ugua polepole, Kibwana. Chande yupo." Wallahi kisu hakikuniuma vile.

Siku hiyo itakuwa ya kumi tangu nipasuliwe. Wewe umefagia zahanati miaka kumi na tisa, umeona koo za watu. Niambie niyapunguze vipi maumivu haya, na sauti irudi kabla ya Ijumaa ile. Na uniambie Baba alikuwa akinywa nini. Najua kulikuwa na kitu. Sauti ile haikuwa ya bure.

Ni mimi nduguyo,
Kibwana


Vanga
Jumamosi, 8 Novemba 2025

Kibwana,

Marahaba. Poleni kwa msiba. Marehemu niliwajua. Ulipokuwa na miaka sita walinikesheza wiki nzima nikikupepea, na hukuniambia ahsante, wala wao.

Habari kwamba umepasuliwa nimeipata kwa Jefwa. Alisema, "Dada, vitunguu hivi hapa, na kakako wamemkata koo." Nilikaa chini palepale juu ya vitunguu. Siku nyingine ukitaka kukatwa, niarifu kabla.

Mimi si daktari, ni mwenye fagio. Lakini nusu ya udaktari husemwa mlangoni mgonjwa akiwa keshatoka, na mlangoni ndipo ninapofagia. Basi sikiliza.

Siku ya tatu ni muongo. Mtu mzima akitolewa mafindofindo, siku ya tatu hujiona amepona, akaanza kuomba nyama. Mtoto ndiye hupona haraka. Wewe si mtoto, ingawa umejitahidi. Kati ya siku ya tano na ya kumi ule utando mweupe ulioko kooni hubanduka, na maumivu hurudi na jamaa zake wote. Usiogope ule weupe, wala harufu. Ni kidonda kinajivisha nguo. Kukichokoa ndiko kubaya.

Dawa ya maumivu imeze kwa saa, usiimeze kwa kuumwa. Ukingoja mpaka uumwe hutaweza kuimeza. Tega simu ikulilie, amka, meza, lala tena na mito miwili chini ya kichwa. Nusu saa baada ya dawa ndiyo saa yako ya kula, hapo koo limesinzia. Kula hata kama hutaki: uji uliopoa, bokoboko, viazi vilivyopondwa. Koo lisilotumika hukakamaa. Tafuna hata chingamu, usione haya, utaonekana kijana kama Chande. Asprini usiiguse. Pilipili, ndimu na ukwaju, waachie wageni wako.

Na maji. Maji, Kibwana. Fundo moja kila baada ya dakika chache, kutwa. Madafu, maziwa baridi, barafu ya kumumunya. Koo likikauka hupasuka kama ardhi ya Taru. Ukiona damu mbichi, hata ijae kijiko tu, iteme usiimeze, ukimbie hospitali. Usingoje kubadili kanzu.

Siku ya kumi huadhini. Hilo usiniulize tena.

Ama siri ya Baba, utacheka kama unaweza. Alikuwa akinywa maji. Na baada ya Isha hakusema na mtu mpaka Alfajiri. Wewe ulidhani ni ucha Mungu, Mama alidhani ni kiburi. Ilikuwa ni koo. Mimi nilijua, kwa sababu wewe alikufundisha barazani na mimi nikajifunza nyuma ya mlango wa jikoni nikikuna nazi. Aliyeko nyuma ya mlango husikia mpaka pumzi.

Dadako,
Twaiba


Msambweni
Jumatatu, 10 Novemba 2025

Dada Twaiba, shikamoo.

Kila ulilosema nalifanya. Umesema kweli kuhusu siku ya tatu. Siku ya tatu nilimwambia mke wangu Mbeyu anikaangie samaki changu. Leo ni ya sita, na mate yangu mwenyewe nayaogopa. Nikimeza naona kama nimemeza kufuli likiwa limefungwa. Anasema nikilala hukoroma kama mashine ya kusaga; nimemwandikia kwenye kitabu kwamba yeye hukoroma bila kupasuliwa.

Dawa nameza. Ile ya alfajiri tu ndiyo naiacha, maana hunilevya nikapitwa na adhana ya Chande, na sitaki kupitwa. Namsikiliza kama hakimu. Jana "Hayya alal falah" ameimaliza kabla ya kuianza. Mtu akiitwa kwenye ushindi kwa haraka namna hiyo atadhani kuna moto.

Maji nakunywa. Mbeyu hunijazia jagi kila asubuhi, na kila jioni jagi liko tupu. Ule mpera ulio chini ya dirisha langu umechanua mwaka huu, sijui una nini.

Kinachonishangaza ni masikio. Wamenikata koo, yanauma masikio! Mbeyu amenipashia mafuta ya nazi, akachovya pamba, akanizibia yote mawili. Sasa dunia naisikia kama iko ndani ya mtungi. Huzitoa Chande akiadhini tu, nisije nikakosa kosa.

Wageni ndio dawa kali kuliko zote. Mmoja kaja na achari ya embe, ati "inafungua koo." Mwingine kaleta kachiri za mhogo. Nikaandika: siwezi. Akasoma, akasema, "Basi nitakula mimi, wewe tazama, utapata hamu." Akala zote mbele yangu, moja moja, na mlio wake naujua mpaka leo ingawa nilikuwa na pamba.

Kamati haijabadili siku. Mwenyekiti kapita nje asubuhi hii, hakuingia.

Usiwe na shaka. Ijumaa nitakaa kitandani kama ulivyoagiza. Mbeyu ameipiga pasi ile kanzu ya Baba, lakini hiyo ni kwa ajili ya wageni.

Nduguyo,
Kibwana


Vanga
Jumatano, 12 Novemba 2025

Kibwana,

Toa pamba. Sikio lako halina ugonjwa. Mshipa wa koo na wa sikio ni mmoja, koo likilia sikio huitikia. Mafuta hayasaidii kitu huko. Kinachosaidia ni ile dawa ya alfajiri unayoiacha ili ukamhukumu mtoto wa watu.

Mpera haupasuliwi koo. Maji ya jagi yanywe wewe.

Na hakuna mgonjwa anayepokea wageni wa achari kwa kanzu ya Baba.

Unadhani sikusomi? Nimekusoma tangu unajifunza kuandika, ukiandika "nimekula" na mandazi yako mfukoni. Unataka kwenda Ijumaa. Unakwenda na koo kavu, bila dawa, katika siku zilezile utando unapobanduka. Juzi hapa zahanati waliletewa mtu mzima wa siku ya nane, aliyemkemea punda wake tu. Niliosha sakafu mara tatu.

Ndani ya barua hii kuna nyingine, nimeifunga kwa gundi. Mpe mwenyekiti mkononi kabla ya Ijumaa. Nimemwomba akungoje wiki sita. Tangu Baba afe sijamwomba mtu kitu katika mji huo, na wa mwisho niliyetaka kumwombea ni wewe. Basi usinifanye niwe nimejidhalilisha bure.

Jefwa anasema mvua ya jana imeila njia, malori yamekwama mbele, lakini atajaribu kesho.

Twaiba


Msambweni, wodini
Jumapili, 16 Novemba 2025

Dada Twaiba,

Barua yako imenifikia jana Jumamosi, ikiwa na matope mpaka kwenye jina langu. Nimeisoma nimelala chali na sindano ya maji mkononi. Sasa hivi nakunywa maji kwa mshipa, mpera umekosa.

Nitakuambia mwenyewe kabla hujaambiwa na vitunguu.

Nilikwenda. Saa sita kasoro, kabla ya watu, maana adhana ya kwanza ya Ijumaa msikiti huwa mtupu na wazee bado wako madukani na majumbani wakingoja kuitwa. Nilitaka waitwe na mimi. Nilivaa kanzu ya Baba. Chande sikumwona, nikasema Mungu amemweka mbali. Nikasimama pale pa Baba, nikakigonga kipaza sauti mara mbili kama kawaida yangu, nikatia vidole masikioni juu ya pamba, nikafumba macho.

Dada, sijaadhini vile tangu nizaliwe. Jasho lilinitiririka kama niko tanuri la mofa. Kila neno lilipopita lilichukua na kipande cha koo, na nikaliacha lichukue. Pumzi sikuikata popote. Nilipofika "Hayya alal falah" niliivuta mpaka nikamwona Baba, kweli, ameinamisha kichwa upande kama alivyokuwa akisikiliza. Nikasema moyoni, asikie na yule aliyeko Vanga.

Nikamaliza. Lile neno la mwisho lilitoka na damu. Nilidhani ni mate. Nilipofumbua macho, kifua cha kanzu kilikuwa chekundu, na Chande kasimama mbele yangu midomo inamcheza, nami sikusikia anachosema. Amenichukua kwa pikipiki mpaka hospitali. Daktari aliyenipasua, yule kijana, akanirudisha chumba kilekile, akanichoma mishipa ya koo ndani kuizuia damu. Alipomaliza hakunigombeza. Alinitazama tu kama anayetazama ukuta alioupaka rangi, kisha mtu akaegemea.

Lakini wamesikia. Msambweni yote imesikia. Kila anayekuja kunitazama namwandikia: adhana ilikuwaje? Wote wanasema, "Mashaallah, Kibwana, mashaallah," na wanatazama chini. Nawaelewa. Kamati imeahirisha kikao mpaka Ijumaa hii ya tarehe ishirini na moja, naona wameguswa.

Natoka Jumanne. Ijumaa nitaadhini tena, mara moja tu, ndipo wamalize jambo lao nikiwa nimesimama. Usinizuie. Mtu aliyesikiwa vile hawezi kurudi kitandani mwengine akamalizia.

Wewe peke yako hukunisikia. Lakini kwa kuwa mbele ya watu wote, arobaini ya Baba, ulisimama ukasema "Kibwana umekosea," basi waulize waliokuwepo, kisha unijibu. Safari hii nilikosea wapi?

Kibwana


Msambweni
Jumanne, 18 Novemba 2025

Bi Twaiba, shikamoo.

Hunijui. Mimi ni Chande, ninayeadhini kwa sasa. Namba yako haipatikani, ndiyo nimemwomba Jefwa. Utaniwia radhi kwa mwandiko.

Ndugu Kibwana ametoka leo. Anaweza kumeza uji, na daktari amesema mbele ya mkewe kwamba damu ikitoka mara ya pili huenda isizuilike. Asipaze sauti wiki sita. Bi Mbeyu analia jikoni ili asionekane.

Barua yako kwa mwenyekiti niliipeleka mimi Jumamosi hiyohiyo. Aliisoma amesimama dukani. Akasema, "Wiki sita tu? Mbona hakusema mapema? Tungengoja." Nilimpelekea ndugu Kibwana habari hiyo nikidhani atafurahi. Aliandika kwenye kitabu chake, akanigeuzia: "Walionisikia hawana la kungoja. Ijumaa naadhini." Nikamwambia, kaka, pumzika, mimi hata mshahara wa kazi hii siujui, nakushikia tu. Akaandika: "Nami nilikuwa nikishikia."

Bi Twaiba, kuna jambo la Ijumaa ile. Watu wote wanamficha kwa kumwonea imani, na mimi ni mmoja wao, ingawa nilikuwa pale. Nimejaribu kumwambia mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa amevaa pamba. Mara ya pili alinitazama usoni, nikasema "mashaallah."

Nimeliandika kwenye karatasi ya pili. Wewe ni dada yake, utaona kama linasemeka.

Mwanao,
Chande


Vanga
Alhamisi, 20 Novemba 2025

Kibwana,

Njia imekauka. Jefwa ameapa atakupa hii mkononi leo kabla ya Magharibi, na hataondoka mpaka aone umeisoma. Kama bado una pamba, haina neno, hii inasomwa kwa macho.

Uliniuliza ulikosea wapi.

Kwanza nikujibu ya zamani. Arobaini ya Baba hukukosea. Uliadhini sawasawa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na wanawake, na kila pumzi uliyovuta niliivuta na mimi, na ulipomaliza watu wakakupa mkono wewe. Nikashindwa kunyamaza. Nikasema umekosea ili mtu mmoja katika mji ule ageuke aulize, "Kwani wewe unajua?" Hakuna aliyegeuka. Waligeuka kukutazama wewe. Miaka mitatu nimekuacha uamini kwamba una kosa, nami nikaona raha. Kama ulikwenda Ijumaa ile ili mimi nisikie, basi ile damu iliyo kwenye kanzu, sehemu yake nimwagie mimi.

Nimekaa na karatasi ya Chande siku nzima. Nilitaka kukuandikia "mashaallah" na mimi. Ni neno jepesi, na ungelala vizuri. Lakini ungeamka kesho ukavaa kanzu. Kwa hiyo nakuudhi, na uudhike nami ukiwa hai. Umeshazoea.

Ulipokigonga kipaza sauti, hukusikia kama kimejibu, kwa sababu ya pamba. Jasho lile halikuwa la koo, ni feni zilikuwa zimesimama. Chande hakuwa amewekwa mbali na Mungu, alikuwa stoo nyuma ya msikiti akitafuta petroli ya jenereta. Alikusikia akiwa hatua kumi kutoka kwako. Mwingine aliyekuwepo ni Mzee Ngala, aliyekuwa akipanga viatu, naye hasikii tangu mwaka juzi. Mwenyekiti, Chande aliporudi kutoka hospitali baada ya swala, alimuuliza mbona leo hapakuwa na adhana ya kwanza.

Chande anasema ilikuwa nzuri. Nilimuuliza tena jana kupitia Jefwa, na asubuhi hii jibu limekuja: ameapa. Nzuri, na pumzi hukuikata.

Meza dawa ya alfajiri. Kunywa maji. Nyamaza wiki sita kama Baba.

Siku ile stima ilipotea saa nne asubuhi, ikarudi saa kumi.

Twaiba